Sura ya Sita: Chumo la Pili la Mtu Mwenye Ajira

Swali ambalo watu wenye ajira huulizana mara nyingi, katika daladala za jioni, katika vyumba vya walimu na barazani baada ya sala ya isha, ni hili: mshahara ukiwa unakwisha kabla ya mwezi kwisha, mtu afanye nini pembeni apate cha kuongezea, asiipoteze kazi aliyo nayo? Anayeulizwa aghalabu hujibu kwa kutaja biashara ambayo jirani yake ameifanya ikamfaa, kama vile kuku, bodaboda, uwakala wa fedha au nguo za mitumba. Na muulizaji huondoka akiwa na jina la biashara kichwani, lakini hana kipimo chochote cha kumwonyesha kama biashara hiyo inamwelekea yeye, mwenye saa chache, mwenye nguvu zilizokwisha kutumika mchana, na mwenye mwajiri aliye na haki juu yake.

Sura hii imekusudiwa kumpa msomaji kipimo hicho. Rai yangu naieleza mapema, ili asomaye aipime kila hatua: katika kuchagua chumo la pili, yaani kazi au biashara aifanyayo mtu mbali na ile aliyoajiriwa, jambo la kwanza la kutazamwa si ukubwa wa faida bali ni saa. Biashara yenye faida nono ambayo haiwezi kusimama pasipo wewe kuanzia asubuhi hadi alasiri si yako maadamu umeajiriwa, hata kama imewatajirisha wote wa mtaa wako.

## Jambo hili lina historia

Wako wadhanio kwamba kuchuma pembeni ni mtindo ulioletwa na zama hizi za simu. Sivyo hata kidogo. Mwezi Februari mwaka 1967, chama cha TANU kilipotangaza Azimio la Arusha, miongoni mwa masharti yaliyowekwa juu ya viongozi, na pamoja nao watumishi wa serikali wa vyeo vya kati na vya juu, ilikuwamo marufuku ya kupokea mishahara miwili, ya kumiliki hisa katika makampuni, na ya kuwa na nyumba za kupangisha. Nchini Kenya njia iliyofuatwa ilikuwa kinyume chake, kwani mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilipendekeza watumishi wa serikali waruhusiwe kufanya biashara zao binafsi. Nchi mbili jirani, zenye lugha moja na bahari moja, zilijibu swali moja kwa majibu mawili yaliyopingana.

Kisha ikaja miaka ya themanini. Bei za vitu nchini Tanzania zilipanda, mishahara ikabaki nyuma, na mtumishi aliyekuwa akiishi kwa mshahara wake miaka kumi kabla yake akajikuta hauwezi kumfikisha katikati ya mwezi. Hapo ndipo neno «mradi» lilipopata maana yake ya mitaani: banda la kuku nyuma ya nyumba, ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa waliofungwa uani mwa nyumba za Dar es Salaam, maandazi na barafu za mama wa nyumbani, cherehani sebuleni. Miradi hiyo, ambayo mingi ilibebwa na wanawake ilhali waume zao wakihesabiwa kuwa ndio wenye kipato, ndiyo iliyosomesha watoto wengi. Mwaka 1991, katika maamuzi yaliyofanywa Zanzibar, CCM, chama kilichoirithi TANU, ikalegeza masharti yale ya 1967, na jambo lililokuwa likifanywa kwa kificho likaruhusiwa.

Nayasimulia haya kwa sababu hofu iliyokuwa nyuma ya marufuku ile haikuwa hofu ya bure. Mtu mwenye machumo mawili huwa na nia mbili, na isipokuwa amejiwekea mipaka, ile nia ya pili huanza kula ya kwanza: mganga aliyepaswa kuwa wodini yuko kwenye duka lake la dawa, na mwalimu hufundisha nusu ya somo darasani ili nusu iliyobaki aiuze jioni kwa jina la tuisheni. Hilo la mwalimu ni dhuluma, maana mtoto huuziwa kile alichokwisha kulipiwa. Wapo watakaotukumbusha hapa kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo ni ya kweli kwa yule ashikaye mawili kwa saa ile ile; anayeshika hili likwisha ndipo ashike lile, hana sababu ya kupoteza lolote.

## Hesabu ya saa

Wiki ina saa 168. Mwajiriwa wa Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hafanyi kazi za kawaida zaidi ya saa 45 kwa wiki. Akilala saa nane kila usiku, hizo ni saa 56. Zimebaki 67. Mkaazi wa Mbagala au wa Kibamba afanyaye kazi katikati ya jiji hawezi kuikwepa safari ya saa mbili au tatu kwa siku, kwenda na kurudi. Tuseme saa 15 kwa wiki. Zimebaki 52, na ndani ya hizo kuna kula, kuoga, kufua, ibada, kumtazama mgonjwa, kuhudhuria maziko na harusi, na kukaa na watoto ambao wasipokaliwa na wazazi wao watakaliwa na wengine. Mtu akijisemesha kweli mbele ya nafsi yake ataona kwamba saa zilizo zake hasa hazizidi 15 au 20.

Hiyo ndiyo rasilimali yake. Watu wengi huhesabu fedha za mtaji hadi shilingi ya mwisho, lakini saa hawazihesabu, na zinapopungua huzichukua mahali pawili tu: katika usingizi, au katika saa za mwajiri. Ya kwanza huharibu siha, ya pili huharibu amana.

## Fedha iliyo karibu kuliko zote

Kabla ya kutoka kwenda kutafuta nje, mtu atazame kama hakuna haki yake iliyolala kwa mwajiri wake mwenyewe. Sheria ile ile inasema kwamba saa zinazozidi kiwango cha kawaida, ambazo wafanyakazi wamezoea kuziita ovataimu, hulipwa kwa ujira usiopungua mara moja na nusu ya ujira wa saa ya kawaida, na zisizidi saa 50 katika muda wa wiki nne. Kanuni hiyo haiwahusu wale wenye vyeo vya juu vya kusimamia wenzao, lakini inawahusu karani, dereva, mfanyakazi wa kiwandani na wa hotelini.

Chukua mfano. Mtu ambaye mshahara wake ukigawanywa kwa saa humpa shilingi 4,000, saa moja ya ovataimu itampa 6,000, pasipo mtaji, pasipo nauli ya ziada na pasipo hasara. Sasa ajiulize: ile biashara anayoiwazia, ikiisha kutolewa gharama zote na kugawanywa kwa saa atakazozitumia, itampa kiasi hicho? Nyingi, katika mwaka wake wa kwanza, hazifikii hata nusu yake. Hayo hayakatazi biashara, ila yanampa mtu kipimo cha kuilinganishia.

## Ujuzi alio nao mtu

Chumo la pili lililo salama kuliko mengine, kwa maoni yangu, ni lile litokanalo na ujuzi ambao mtu anao tayari, kwa sababu halidai mtaji na hasara yake ni jasho tu. Mhasibu wa ofisini anaweza kuwatunzia vitabu wenye maduka wawili watatu, ambao tangu mashine za stakabadhi za EFD zilipoanza kutumika Tanzania mwaka 2010 wamehitaji sana mtu wa kuwapangia hesabu zao za mauzo na manunuzi. Kazi hiyo hufanywa usiku au siku ya Jumapili, na kazi ya wateja watatu hutoshana na zile saa zetu 15. Fundi umeme wa kampuni, mshoni, mfasiri, mpishi wa hotelini apikiaye shughuli za mwisho wa wiki, wote wamo katika fungu hili. Hata mwalimu yumo, kwa sharti kwamba asimfundishe kwa malipo mwanafunzi ambaye yeye mwenyewe humfundisha darasani.

Kasoro yake ni moja, nayo si ndogo: siku ukiugua, chumo nalo limeugua.

## Kuku mia moja, kwa hesabu

Nitakaa zaidi katika kuku wa mayai, kwa sababu hakuna mradi unaotajwa zaidi na wenye ajira, wala hakuna unaoanzwa kwa hesabu chache kuliko huo. Una sifa mbili zinazomfaa mwajiriwa: kazi yake huangukia alfajiri na magharibi, na mayai huuzika kila wiki. Lakini utazame kwa makini.

Kifaranga wa siku moja hutaga yai lake la kwanza akiwa na wiki 18 hadi 20. Maana yake ni kwamba kwa muda wa miezi minne na nusu hivi utalisha pasipo kupokea senti, na katika muda huo kila kuku atakuwa amekula takriban kilo 7 hadi 8. Kuku mia watakuwa wamekula kilo 700 hadi 800, yaani magunia 14 hadi 16 ya kilo 50. Mtu aliyenunua vifaranga na kujenga banda, akadhani amemaliza kutoa fedha, hukwama hapa; akaanza kupunguza chakula, na kuku aliyepunjwa chakula akiwa mtetea mdogo huchelewa kutaga na hutaga kidogo. Basi mtaji wa kuku mia ni banda, ni vifaranga, ni dawa, na ni magunia yale 16 yakiwa yamekwisha kutengewa fedha kabla ya kifaranga wa kwanza kuingia.

Wakisha kushika kutaga, kuku mmoja hula kama gramu 120 kwa siku, na mia hula kilo 12, hata gunia moja likawatosha siku nne. Kundi lililotunzwa vizuri, likiwa katika nguvu zake, hutoa mayai kama 85 kwa siku, na kwa siku nne ni mayai 340, yaani trei 11 na mayai machache. Hapa pana hesabu nyepesi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa bei za sokoni kwake, leo hii, kabla hajajenga lolote: chukua bei ya gunia la chakula cha kuku wa kutaga, uigawe kwa 11, upate sehemu ya chakula iliyomo katika kila trei, itoe katika bei ambayo muuza duka atakulipa wewe, si bei anayouzia yeye. Kinachosalia ndicho cha kulipia dawa, maranda ya sakafuni, umeme, kijana wa kusaidia, na kurudisha gharama ya vifaranga na ya ile miezi ya kungoja. Ikiwa baada ya hesabu hiyo trei inabaki na shilingi mia chache tu, usianze; subiri bei ya chakula ishuke, kwani chakula peke yake aghalabu hula theluthi mbili ya gharama zote.

Jambo la pili ni maradhi. Kideri ndicho kinachofagia mabanda, kuku mia wakafa ndani ya wiki moja, na hakina dawa ya kuponya. Kina chanjo ya kukinga tu. Vifaranga huchanjwa kideri wakiwa na siku 7, hurudiwa wakiwa na wiki tatu hivi, na baadaye kila baada ya miezi mitatu; chanjo ya Gumboro huanza siku ya 14; na ndui ya kuku huchanjwa kati ya wiki ya sita na ya nane. Chanjo zina gharama ndogo sana zikilinganishwa na kundi zima, lakini zinadai tarehe, na tarehe haimngoji mtu aliyetumwa safari ya kikazi Dodoma. Ndiyo maana nasema mwenye ajira asianze kuku pasipo mtu wa pili nyumbani, mwenye kujua alijualo yeye, na mwenye fungu lake katika faida lililotajwa wazi. Mke anayelisha, anayeokota mayai na anayechanja, kisha fedha zikaingia katika mfuko wa mume, amedhulumiwa, na mradi wa namna hiyo haudumu.

Kwa ufupi, kuhusu kuku: usianze pasipo fedha ya miezi mitano ya chakula, mtu wa pili, na hesabu ya trei iliyofanywa kwa bei za mtaani kwako.

## Vyombo vinavyofanya kazi ukiwa ofisini

Fungu jingine ni la vyombo anavyokabidhiwa mtu mwingine. Pikipiki ya bodaboda hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya hesabu, ambapo dereva humletea mwenye chombo kiasi kilichokubaliwa kila siku, na kinachozidi ni chake. Ya pili ni ya mkataba, ambapo hesabu hiyo huletwa kwa muda uliowekwa, na muda ukitimia chombo kinakuwa mali ya dereva. Mimi naiona ya pili kuwa bora kwa pande zote mbili, kwa kuwa dereva atunzaye chombo kitakachokuwa chake hubadilisha oili kwa wakati na hapakii watu watatu.

Mkataba uandikwe, wawepo mashahidi na mdhamini, bima ilipiwe, na itajwe waziwazi nani anatengeneza kipi na hesabu inakuwaje siku dereva anapougua. Wala hesabu isipangwe juu kupita kiasi. Dereva anayedaiwa zaidi ya kile ambacho barabara hutoa kwa siku atakimbia, atapita penye taa nyekundu, atafanya kazi usiku wa manane. Na wodi za mifupa zimejaa vijana waliokuwa wakikimbiza hesabu ya mtu aliyekuwa ameketi ofisini. Haiwezekani chumo la namna hiyo likaitwa halali.

Uwakala wa fedha za simu, ambao ulienea tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, hudai mtu wa kuketi kibandani kutwa, mtaji uliogawanyika kati ya fedha taslimu na floti, na uaminifu wa hali ya juu. Mwenye ajira asiye na ndugu wa yakini wa kumweka pale auache.

## Faida isiyo na kazi

Katikati ya uchovu wa mwajiriwa na haja yake ya fedha huingia mtu mwenye maneno laini, akamwambia kwamba hapana haja ya kuku wala pikipiki: leta fedha zako, zitazaa zenyewe. Watanzania waliiona DECI, ambako watu waliitwa «kupanda mbegu» na kuahidiwa kuvuna mara mbili na zaidi baada ya muda mfupi. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, wakawa mashahidi wa kweli wa jambo la uongo, na serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 maelfu walikuwa wamekwisha kupanda. Siku hizi mbegu hizo hupandwa ndani ya simu, kwa majina mengine.

Ukiletewa shauri la namna hiyo, uliza maswali haya:

- Fedha ya faida inatoka kwa mnunuzi gani, wa kitu gani?
- Je, nalipwa kwa kuuza, au kwa kuleta watu?
- Nikitaka kutoa fedha zangu zote kesho, inawezekana?

Jibu la swali la kwanza likikosekana, mengine mawili hayana haja ya kuulizwa.

Kadhalika na mtaji wa mkopo. Ile mikopo ya haraka ambayo watu wenyewe wameipa jina la «kausha damu» hudai marejesho kuanzia wiki ya kwanza, ilhali kuku hatagi mpaka mwezi wa tano. Vikoba na SACCOS, ambamo riba ni nafuu na unakopa kwa watu wanaokufahamu, vinafaa zaidi. Na akiba ya miezi sita inafaa kuliko vyote.

## Barua ya ajira, na kodi

Barua nyingi za ajira zina kifungu kinachokataza au kinachotaka taarifa juu ya kazi nyingine, na wengi walizitia saini pasipo kuzisoma. Mambo matatu hayana ruhusa popote: kufanya biashara inayoshindana na mwajiri wako, kutumia mali yake, na kumhudumia kwa siri mteja wake. Viongozi wa umma Tanzania wana sheria yao ya maadili ya mwaka 1995, inayowadai kutoa tamko la mali zao. Na wasio viongozi, japo hawatoi tamko, hawapungukiwi na kitu wakimweleza mwajiri kwa maandishi kabla hajaelezwa na wengine.

Kodi nayo hudhaniwa kuwa imekwisha kwa ile inayokatwa katika mshahara. Ile ni ya mshahara tu. Pango la nyumba, mayai, na ujira wa vitabu vya duka vina hesabu yake. Kenya, kwa mfano, pango la nyumba za makazi la mwenye kipato kilicho ndani ya kiwango cha sheria hutozwa asilimia 7.5 ya pango lote tangu Januari 2024. Nenda ofisi ya kodi mwenyewe, kabla ya kuanza, ukaulize. Swali hilo halilipiwi.

## Kwa nini mapema

Nimebakiza sababu ambayo kwangu ni kubwa kuliko hata ile ya kuongeza fedha za mwezi. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, Tanzania na Kenya, ni miaka 60. Siku hiyo mtu hukabidhiwa fungu la fedha ambalo hajapata kulishika maishani mwake, na wengi hulipeleka lote katika biashara ambayo hawajapata kuifanya hata siku moja: basi dogo, mashine ya kusaga, kuku elfu. Mwaka wa pili fungu limekwisha, na ajira ya kurudia haipo. Kosa la kuku mia, likitendeka mtu akiwa bado na mshahara, hugharimu magunia kadhaa na huzuni ya mwezi mmoja. Kosa lile lile likitendeka baada ya kustaafu hugharimu uzee wote.

Basi nakusihi, ndugu msomaji mwenye ajira, uanze ukiwa na umri ambao kukosea hakukumalizi, na uanze na kitu kidogo kiasi cha kutosheana na saa 15 za wiki yako. Mwenye miaka 40 leo ana miaka 20 ya kujifunza biashara moja kwa fedha kidogo. Mwenye 58 anayo miwili.